Kimya cha Pilato

Katika kanisa letu, mtu akishasoma Mateso ya Ijumaa Kuu, jina la yule aliyemsoma linamganda. Sijui nani alianzisha. Anayesoma maneno ya Petro anaitwa Petro hata akiwa kwenye foleni ya benki. Anayeongoza sauti za makuhani na umati anaitwa Kayafa, ingawa kazi yake ni kuuza matairi, na sijasikia amemhukumu mtu ila wale wanaoegesha mbele ya duka lake. Yupo bibi mmoja aliyepewa maneno ya yule msichana wa mlangoni, anayemuuliza Petro kama naye si mmoja wa wanafunzi. Alipewa akiwa msichana kweli, mwenye nywele za kusuka. Sasa meno yamemwisha na bado ni Kijakazi. "Mlango nimeulinda mpaka bawaba zimeoza," husema, "na akina Petro wanabadilishwa tu."

Mume wangu alikuwa Pilato.

Alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya kibanda cha kinyozi: paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na kiti cha nyuma cha gari moja la zamani alichokiweka ukutani kikawa kochi. Mikono yake ilikuwa myeusi. Oili chafu ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha, ikahamia humo. Basi utani ukajitengeneza wenyewe. Pilato, mtu anayejulikana dunia nzima kwa kunawa mikono, kwetu alikuwa ndiye mtu pekee ambaye mikono yake haikutakata. Kinyozi akimwona tu anapita na gurudumu, anapaza sauti kutoka dirishani: "Pilato! Nawa mikono, kesi imekwisha!" Mume wangu anajibu bila kugeuka: "Niletee maji wewe, mtumwa wangu!" Ilikuwa hivyo kila siku, na kila siku walicheka kama vile ndiyo kwanza wameugundua.

Nami nikawa mke wa Pilato. Katika Biblia mwanamke huyo anatajwa mara moja tu. Mumewe amekaa kwenye kiti cha hukumu, naye anamtumia ujumbe kwamba asimguse yule mtu mwenye haki, kwa sababu ameteseka sana ndotoni kwa ajili yake. Basi, haonekani tena. Lakini kwa watu wa mtaa wetu hiyo ilitosha. Nikienda kununua nyanya: "Mke wa Pilato, umeota nini leo?" Nikienda kuteka maji: "Umeota nini?" Na mume wangu aliwazidi wote. Asubuhi, kabla hajafungua macho vizuri, ananiuliza, "Haya, mke wa Pilato. Umeota nini?"

Nami namwambia, kwa sababu kweli nilikuwa mtu wa kuota. Nimeota tumehamia nyumba isiyo na milango. Nimeota kuku yuko kanisani anasoma somo la kwanza. Anasikiliza mpaka mwisho huku akitafuta shati, kisha anatoa hukumu. "Sioni hatia yoyote kwa kuku huyo," anasema, na anaenda kazini.

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema ili ieleweke kwa nini nililishikilia hilo jina baadaye jinsi nilivyolishikilia. Wengine huacha jina kwa mwana au kwa mjukuu. Sisi tulikuwa na hilo moja, la kupewa na watu.

Alivyosoma ni lazima nieleze pia. Mwaka wake wa kwanza alikuwa na hofu kiasi cha kupita gereji asubuhi ya Ijumaa Kuu, siku asiyofanya kazi, kushikashika vyuma ili atulie. Akaja kanisani na grisi kwenye kidole gumba. Alisoma vizuri mpaka pale Pilato anapomtoa Yesu nje mbele ya watu. Kwenye kijitabu chake, sentensi hiyo inakatwa na mwisho wa ukurasa. Akasoma, "Tazameni," akageuza ukurasa, ukurasa ukagoma. Grisi ilikuwa imeunganisha karatasi mbili. Akasugua kwa kidole, ikawa mbaya zaidi. Akasugua tena. Kanisa zima likawa kimya. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikamwona shingo inavyotoa jasho, nikajua. Wengine hawakujua. Wao walimwona Pilato amesimama mbele yao ameinamisha kichwa, hawezi kulimalizia neno lake, na hapo ndipo akina mama walipoanza kulia. Ukurasa ulipoachia akasema, taratibu, kwa aibu: "...mfalme wenu."

Padri alimshika bega baada ya ibada. "Pale uliponyamaza," akamwambia. "Pale ulituhukumu wote."

Mwaka uliofuata alisoma sentensi moja kwa moja, kwa fahari, bila kukwama. Watu walikasirika. Kayafa alimwambia ameisoma kama tangazo la msiba wa watu baki. Basi kuanzia hapo akawa ananyamaza kwa makusudi, na kila mwaka kanisa likawa linangoja kimya hicho. Watoto walizaliwa wakakikuta. Chanzo chake tulikijua wawili tu. Usiku wa siku hiyo alikuwa akinibana ubavuni kitandani: "Grisi, mke wangu. Grisi imeongoa watu."

Lakini hakwenda tena kanisani na mikono ile. Nilimkataza. Kila Ijumaa Kuu, mchana, kabla ya ibada ya saa tisa, niliweka beseni kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na vigoda viwili. Sabuni ya unga na sukari kwenye kisahani, mswaki wa zamani kwa ajili ya kucha. Sukari ndiyo inayokwangua, sabuni peke yake haifui dafu kwa oili ya gia. Ananipa mkono mmoja, kisha mwingine, kama mtoto anayepelekwa shule. Tunafunga siku hiyo, kwa hiyo hatuna haraka ya chakula. Maji yanakuwa kijivu, namwaga, naweka mengine. Anasema, "Angalia Pilato anavyonawishwa na mkewe, hii haikuandikwa." Baada ya nusu ya sabuni, viganja vinatoka vyekundu, na mistari bado myeusi. Mistari haikuwahi kutoka. Nilikuwa naijua kama watu wanavyozijua njia za kwao.

Alikufa wiki chache baada ya Krismasi, mchana, amekaa kwenye lile kochi la gereji. Moyo, walisema hospitali. Kinyozi ndiye aliyemkuta. Waliomwosha walitaka kuisugua ile mikono. Nikawaambia waiache hivyo hivyo.

Baada ya mazishi mambo mawili yalinyamaza. La kwanza, ndoto. Nililala, tena nililala sana, lakini ilikuwa kama kuzima taa na kuiwasha. Nilimngoja humo kila siku. Nilijiambia kwamba nikimwota hata amenikasirikia, hata amenipa mgongo, itanitosha. Hakuja. La pili ni jina. Watu walimwita marehemu, na kwa heshima wakaacha kuniuliza nimeota nini. Waliniita mama, kwa sauti ya chini, kama vile nimelala chumba cha pili. Muuza nyanya alinichagulia nyanya nzuri bila maneno. Nilitamani anitanie. Nilitamani aniuzie hata mbovu, mradi aniite.

Jumatano ya Majivu, Kayafa akabisha hodi.

"Karibu," nikasema.

Aliingia na majivu yake kwenye paji la uso, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Aliulizia afya, akaulizia paa, akasifu chai ambayo hajainywa.

"Dada," akasema mwishowe, "nimekuja kwa ajili ya kile kijitabu."

Nilijua. Vijitabu vya Mateso kwetu havinunuliwi dukani. Kila msomaji ana chake, na akichoka humpa anayemfuata, mkono kwa mkono. Mume wangu alikufa kabla hajachoka.

"Si mtoe kopi?" nikamwambia. "Maneno ni yale yale."

"Maneno tunayo. Lakini unajua taratibu zetu. Hakijawahi kuchukuliwa, dada. Huwa kinatolewa."

"Na huyo atakayesoma, ataitwaje?"

Kayafa akatazama kofia yake. "Watu wana midomo yao."

"Ataitwa Pilato."

"Huenda."

"Nitakitafuta," nikasema. "Sijui nimekiweka wapi."

Kilikuwa juu ya kabati, mbele yetu, pembeni ya saa. Tulikuwa tunakiona wote wawili. Kayafa alikitazama, akasimama, akavaa kofia.

"Basi kitafute taratibu," akasema.

Kwaresima ikaenda. Kayafa alipita tena mara mbili tatu, akaulizia paa. Sikumtolea. Wasomaji walikuwa wakifanya mazoezi jioni, na nikipita karibu na kanisa nilisikia msimulizi, ambaye ni katekista wetu, akifika kwa Pilato na kuruka. Wallahi nilifurahi. Niliona kama mahali pake pamefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Ndipo wakamtuma Bibi Kijakazi. Alikuja na fimbo yake, akapanda ngazi za barazani huku akizilaumu moja moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi za nani hizi, za twiga?" Akakaa, akapumua. "Nimeambiwa nije nikuseme, lakini sijui kusema watu. Nitakaa tu, ukinipa chai nitaondoka."

Nikampa chai. Akachovya mkate humo mpaka ukalainika.

"Mume wako hakuwa wa kwanza, unajua," akasema. "Alikuwepo Pilato kabla yake. Mwashi wa mawe. Ana sauti kama ngoma! Alikuwa akiuliza ukweli ni kitu gani, unajisikia kwenda kuutafuta. Naye alipokufa tulisema hatapatikana mwingine. Akapatikana mume wako."

"Aliitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwashi, bibi. Jina lake."

Bibi akaacha kutafuna. Akatazama dari, akatazama kikombe. Nilimwona anavyotafuta, na nilimwona anavyokosa.

"Alikuwa na mke mfupi," akasema. "Jina lenyewe... Tulimwita Pilato tu."

 Kisha Bibi Kijakazi akaweka kikombe chini. "Ee Mungu wangu," akasema. "Nimekuja kuzima moto na dumu la mafuta."

Alipoondoka nilikitoa kijitabu juu ya kabati nikakiweka kabatini, chini ya mashuka.

Jumapili ya Matawi watu walikuja na matawi yao, tukazunguka uwanja wa kanisa tukiimba, tukaingia. Siku hiyo nayo Mateso husomwa kwa kugawana sauti. Padri daima husoma maneno ya Kristo. Kwa kuwa Pilato hakuwa na mtu, padri aliona hapana budi asome na yake. Hakuwa amefikiria vizuri. Walipofika mahakamani, padri akamtazama padri.

"Wewe ndiwe mfalme wa Wayahudi?" akauliza.

"Wewe umesema," akajijibu.

Mtoto mmoja benchi la mbele akamwuliza mama yake, kwa sauti ya wazi kabisa, "Mbona anaongea peke yake?" Kicheko kikaanza kama mtu anavyokohoa, huku na kule, watu wameficha nyuso kwenye matawi. Padri akajaribu kumpa Pilato sauti nzito na Kristo sauti laini, ikawa mbaya zaidi. Petro alikuwa ameuma mtandio wa jirani yake. Kayafa hakucheka. Aliinamisha kichwa, na hakugeuka kunitazama. Laiti angegeuka ingekuwa nafuu.

Nilikaa na tawi langu mapajani. Nilikuwa nimedhani nikipafunga mahali pake, nitakapokuja nitamkuta humo. Nilisikiliza kwa makini, mpaka mwisho. Hakuwemo. Palikuwa na padri mwenye mafua, na Mateso ya Bwana yaliyogeuka kichekesho, na mimi ndiye niliyeyafanya hivyo. Tena nilijua kabisa nani angecheka kwanza siku ile, na kwa nguvu zaidi ya wote, mpaka nimpige kiwiko.

Siku iliyofuata nilikichukua kijitabu chini ya mashuka nikaenda nacho kwa kinyozi.

Alikuwa na mteja kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umekwisha. Aliponiona akazima mashine.

"Shemeji! Karibu. Utakaa, au nikunyoe?"

Nilikiweka kijitabu kwenye kaunta, katikati ya vitana na chupa ya spiriti. Alikitambua. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo si yangu, shemeji. Mpe yule karani wa benki. Kayafa anasema ana sauti nzuri."

"Anayo. Lakini hakuwahi kumtania."

"Mimi? Nikisimama kule mbele na nguo nyeupe kama hili koti langu la kunyolea, watu watadhani nataka kumnyoa Bwana Yesu ndevu."

"Tangu amekufa," nikamwambia, "hujalitaja jina lake. Wewe uliyekuwa unalipigia kelele kuliko wote."

Kinyozi akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Nilimwita siku ile, shemeji," akasema. "Nilisimama hapa hapa dirishani. Nikamwambia, Pilato, nawa mikono tule. Kimya. Nikamwita tena. Nikamtukana kidogo, kwa sababu nilimwona pale amekaa, ananiangalia, hajibu. Nilidhani ananifanyia makusudi. Nikamaliza kumnyoa mtu, shemeji. Nikamaliza kunyoa kwanza, ndipo nikaenda." Akakunja kitambaa. "Sasa jina lile nitalitajaje?"

 Sikuwa nimejua. Tulisimama hivyo, tukitazamana kwenye kioo, mpaka yule mteja akasema kwa upole, "Chukua basi, bwana. Mimi hapa nina upande mmoja."

Kinyozi akakichukua. Akakishika kwa mikono miwili, mikono yake laini ya poda.

"Nitasoma," akasema. "Lakini jina libaki lake."

"Hilo si lako wala langu," nikamwambia. "Watu wana midomo yao."

Nilitaka kumweleza habari ya ukurasa. Nilifika hadi mlangoni nikageuka kabisa. Kisha nikaacha. Kile kimya hakikuandikwa popote, na niliona nikimfundisha atakifanya kama mtu anayehesabu. Kilikuwa cha mwenyewe. Nikaona acha kiende naye.

Ijumaa Kuu niliamka bila ndoto, kama kawaida. Nilifagia uwanja. Mchana ulipofika nikatoa beseni, nikaliweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nikaweka vigoda viwili, nikaenda jikoni kuchukua sukari. Nilikuwa nimekishika kijiko ndipo nikajua ninafanya nini. Nikakaa chini palepale jikoni, kijiko mkononi.

Nikasikia hodi upande wa nyuma.

Alikuwa kinyozi, na shati jeupe lililopigwa pasi. "Nilitaka kukuonyesha sentensi moja inanisumbua," akaanza kusema, kisha akaona beseni. Akaona vigoda. Alikuwa jirani yetu wa uani miaka yote, hakuhitaji kuelezwa. Nilitaka kumwambia samahani, nimejisahau tu. Hakunipa nafasi. Alikunja mikono ya shati, akachuchumaa, akatumbukiza viganja kwenye maji, akavisugua kimoja kwa kingine, polepole. Maji yalibaki meupe vile vile.

"Taulo, shemeji," akasema.

Nikampa. Akajifuta, akaenda zake, ile sentensi hakuniuliza.

Siku hiyo kengele za kanisa hazipigwi. Madhabahu huvuliwa vitambaa vyote, ikabaki meza, na msalaba hufunikwa. Nilikaa benchi la tatu. Nilimwona kinyozi amesimama kule mbele kati ya Kayafa na Petro, kijitabu mkononi. Bibi Kijakazi aliuliza swali lake la mlangoni kwa sauti ya kibogoyo, Petro akakana. Kisha wakampeleka Yesu kwa Pilato.

Kinyozi alisoma haraka. Alisoma kama anavyonyoa, hasimami mpaka amalize. Sauti yake ni nyembamba, haina uzito wowote wa hakimu. Nilifumba macho nijaribu kumweka mwingine hapo, haikuwezekana. Nikafumbua. Ikawa basi, ni kinyozi, jirani yetu, anasoma. Wakafika mahali pale. Nilimwona anageuza ukurasa. Ukurasa haukugoma. Ile grisi ilikauka zamani, ikabaki doa.

"Tazameni mfalme wenu!" akasoma, mara moja, bila kukata pumzi.

Sasa ilikuwa zamu yetu. Katekista anatakiwa aseme kwamba wao wakapiga kelele, halafu umati, yaani kanisa zima, Kayafa mbele, tunapiga kelele. Katekista hakusema. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kayafa alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Miaka yote wamezoea kwamba hapo pananyamazwa, basi walinyamaza. Watoto walinyamaza. Hata padri mwenye mafua alijizuia.

Kinyozi alidhani amekosea. Aliutazama ukurasa. Akapitisha kidole gumba juu yake, kutafuta kama amevuka mstari. Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba niliisikia karatasi inavyosuguliwa.

Kile kimya chake nilikuwa nimekitafuta ndotoni, na sauti ya padri haikuwa nacho, na kijitabu chenyewe hakikuwa nacho kule chini ya mashuka. Kumbe walikuwa nacho watu hawa. Muuza nyanya alikuwa nacho, yule pale amefumba macho. Alikuwepo. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu sijui kusema. Mume wangu alikuwepo, anatoa jasho la shingo, anangoja ukurasa uachie.

Lakini kimya kile daima kilimalizwa na yeye. Alikuwa akisema "mfalme wenu", ndipo tunajibu. Sasa maneno yalikuwa yamekwisha kusomwa, na hapakuwa na mtu wa kukimaliza. Kikaenda, kikapita urefu wake. Nilijua urefu wake, mimi. Nilimwona Kayafa ananitafuta kwa macho. Nilimwona kinyozi ananiangalia, kidole bado juu ya doa. Ningeweza kukaa hivyo mpaka jioni. Mungu anisamehe, nilitaka kukaa hivyo mpaka jioni.

Nilisimama. Neno la umati mahali pale ni moja, hakuna lingine.

"Mwondoe," nikasema.

Haikuwa kelele. Ilitoka ndogo, ya mtu mmoja. Bibi Kijakazi akaitikia, "Mwondoe," kisha Kayafa, kisha benchi kwa benchi likaenda hadi nyuma, na kusoma kukaendelea. Nilikaa. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu, ambaye simfahamu vizuri, aliuweka mkono wake juu ya goti langu akauacha hapo mpaka msalaba ulipofunuliwa.

Jumapili ya Pasaka nilikwenda misa ya asubuhi. Kengele zilipigwa zote. Nilisikiliza habari za Mariamu bustanini, aliyedhani anaongea na mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina. Padri alihubiri juu ya jiwe na kaburi tupu. Mimi nilibaki kwenye lile jina.

Baada ya sikukuu nilipita njia ya kibanda cha kinyozi nikielekea sokoni. Palikuwa na watu wanaosubiri zamu kwenye benchi. Mmoja, mgeni wa mambo, alikuwa akimchokoza: "Pilato, fanya haraka!" Kinyozi akamnyooshea mashine. "Pilato si mimi," akasema. "Mimi ni mtumwa wake, ninamletea maji." Kisha akaniona. Akasita kidogo. 

"Mke wa Pilato!" akapaza sauti kutoka dirishani, mtaa mzima ukasikia. "Umeota nini leo?"

Watu wakageuka. Yule wa kwenye benchi akaanza kucheka, akaona wenzake hawajui kama wacheke, akaacha.

"Bado sijaota," nikamjibu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi wewe nenda kalale," akasema, "sokoni unatafuta nini?"

Hapo wakacheka wote, nami nikacheka. Sikufika sokoni. Niligeuza palepale na kikapu changu kitupu, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango na pazia. Jua lilikuwa bado kali nje. Nilijilaza upande wangu wa kitanda, nikamwachia nafasi yake.